Kadi ya Ngari Kang'ethe

S.L.P. 611, Kitale
20 Januari 1992

Kwa Muuguzi Msimamizi,
Huduma ya Afya ya Akili Vijijini,
Kibabii, Bungoma.

Sista Nabangala,

Nakusalimu na natumaini kazi inaendelea. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha shule za msingi miaka thelathini na mmoja, kumi na miwili ya mwisho nikiwa mwalimu mkuu. Nakueleza hayo si kwa kujisifu, bali ujue kwamba anayekuandikia anaelewa maana ya rekodi na hatakuomba jambo lisilo na msingi.

Mwanangu wa kwanza, Ngari, ana umri wa miaka ishirini na minne. Tangu mwaka 1986 amekuwa akichomwa sindano ya kila mwezi na watu wa huduma yenu, pale kwenye veranda ya kanisa Misikhu siku za soko. Kwa sababu ambazo si lazima kuzieleza hapa, hajaja tangu Julai mwaka jana. Tarehe 9 mwezi huu, saa nne asubuhi, alichukua kaa la moto jikoni kwa mama yake, akavuka ua hadi kwa jirani yetu Kiplangat, akalitia moto ghala lake la mahindi. Hakukimbia. Walimkuta amesimama papo hapo, anawaambia watu wasogee nyuma wasiungue. Hakuna aliyeumia, lakini mavuno yote ya Kiplangat yaliteketea.

Unajua hali ilivyo huku kwetu tangu mapigano ya mwisho wa mwaka. Kiplangat ni wa kabila moja, sisi ni wa jingine, na sasa kila jambo linapimwa kwa kipimo hicho. Watu wake wanasema kijana alitumwa. Kiplangat mwenyewe aliniambia mbele ya chifu: "Mwalimu, kama ni ugonjwa, leta karatasi ya hospitali nione na macho yangu. Nikiona, nitasimama kortini niseme huyu ni mgonjwa, na watu wetu nitawanyamazisha mimi."

Kesi itasikizwa tarehe 27 Februari. Mwanangu yuko rumande. Bila karatasi hiyo atahukumiwa kama mtu timamu aliyekusudia ubaya, na hasira itakayobaki itatuangukia sisi tuliobaki nyumbani.

Naomba basi nakala ya rekodi zake, au barua yenye muhuri inayoeleza ugonjwa wake, ulianza lini, na dawa anayopewa. Tafadhali iandikwe kwa jina lake kamili, Ngari Gachanja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
J. M. Gachanja


Kibabii
28 Januari 1992

Mwalimu Gachanja,

Barua yako ilinifikia jana. Pole sana kwa yaliyowapata, wewe na jirani yako.

Nimepitia rejesta yetu tangu 1985 hadi leo, mara mbili, na sikumpata Ngari Gachanja. Ngari yuko mmoja tu, na ni mtoto wa mtu mwingine. Jina hilo si la huku kwetu, kwa hiyo nisingelipita bila kuliona. Lakini huyo ni mgonjwa wa watu, na siwezi kukusimulia habari zake, kama vile nisingemsimulia mtu mwingine habari za mwanao.

Nikueleze tunavyofanya kazi. Anayemleta mgonjwa mara ya kwanza ndiye anayetia sahihi kwenye kadi. Rekodi haitoki mpaka mgonjwa aiombe, au yule aliyetia sahihi aiombe kwa mkono wake. Tulifunga mlango huo kwa sababu. Tumeletewa mume anayetaka karatasi ya kuonyesha mkewe ni mwendawazimu ili amfukuze. Tumeletewa ndugu anayetaka karatasi ili achukue shamba la ndugu yake.

Je, mnayo kadi? Ni ya manjano, ukubwa wa kiganja. Nitumie namba iliyo juu yake, inanitosha.

Felistus Nabangala
Muuguzi


S.L.P. 611, Kitale
3 Februari 1992

Sista Nabangala,

Ahsante kwa jibu lako na kwa uangalifu wako. Kadi kwa bahati mbaya imepotea. Lakini nadhani naweza kukuondolea utata huu, kwa sababu unatokana na desturi ambayo mtu wa nje hawezi kuijua.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Baba yetu aliitwa Ngari. Tulikuwa wana wawili, mimi na mdogo wangu Kang'ethe, ambaye ananunua mahindi kule Moi's Bridge. Basi mwanangu wa kwanza ni Ngari, na mwana wa kwanza wa Kang'ethe pia ni Ngari. Si kwa kuigana. Yeyote kati yetu ambaye angempa mwanawe jina jingine angekuwa amemtupa baba yetu. Tena, kwetu ndugu ya baba ni baba. Mtoto wa Kang'ethe nikimkuta barabarani namtuma, na akikosea namkanya, wala hakuna atakayeniuliza mimi ni nani.

Kwa hiyo, ikiwa huyo uliyemwona ameandikwa Ngari Kang'ethe, ndiye mwanangu. Mwaka ule nilikuwa na kazi nyingi za mitihani, na ndugu yangu ndiye aliyemleta kwenu. Bila shaka alipoulizwa baba ni nani alijitaja mwenyewe, kama desturi inavyomruhusu. Si kosa la mtu yeyote.

Nakuomba uandike barua hiyo kwa jina sahihi, muda unakwenda.

J. M. Gachanja


Kibabii
8 Februari 1992

Mwalimu,

Nimekuelewa. Hata sisi tuna desturi zetu za majina, ukizisikia utachoka. Basi kazi ni nyepesi: Mzee Kang'ethe atie sahihi fomu hii ninayoituma, nami nitaandika barua siku hiyo hiyo.

Namkumbuka vizuri. Mtu mrefu, koti la kijivu, kalamu mbili mfukoni. Siku ya kwanza alinisahihishia kadi. Nilikuwa nimeandika moi's bridge kwa haraka zangu, akasema, "Sista, jina la mahali huanza kwa herufi kubwa." Nikamwambia wewe ama ni mwalimu ama ni karani wa korti. Akasema ananunua mahindi. Nikacheka, nikasema wanunuzi wa mahindi siku hizi wamesoma.

Tena hati ya barua zako na hati ya sahihi kwenye kadi ni kama mapacha. Labda mlifundishwa na mtu mmoja. Mimi ni muuguzi, si polisi. Lakini nina miaka kumi na tisa katika kazi hii, na nimeona kwamba nikiambiwa mapema naweza kusaidia, nikiambiwa kwa kuchelewa ninabaki na pole tu.

Na jambo jingine. Kijana alipokosa Agosti na Septemba, nilimwandikia Mzee Kang'ethe barua mbili kwa sanduku lililo kwenye kadi, S.L.P. 94, Moi's Bridge. Nilimwambia asipochomwa kwa miezi mitatu atarudi pale alipokuwa mwanzo. Barua zote mbili zimerudi hazijafunguliwa. Mwenye sanduku anasema hamjui mtu huyo.

F. Nabangala


Kitale
11 Februari 1992

Kang'ethe ndugu yangu,

Shemeji yako Rahab anakusalimu. Ngari bado yuko ndani mpaka tarehe 27. Katika bahasha hii kuna fomu. Tia sahihi pale nilipoweka alama ya kalamu ya risasi, andika tarehe, na uirudishe kwa posta ya kesho. Ni utaratibu tu wa hospitali ya kijana, wanataka mwanamume wa pili wa ukoo. Kwingine usijaze, nitajaza mimi. Nitakueleza tukionana.

Nduguyo,
Gachanja


Moi's Bridge
14 Februari 1992

Mwalimu,

Fomu ndiyo hiyo, nimetia sahihi. Sijaisoma. Si wewe ndiye msomi bana, mimi nikianza kusoma fomu nitalalia juu yake. Nilipita rumande Jumatatu nikaambiwa si siku ya wageni. Tarehe 27 nitakuja kama lori litakuwa limetoka gereji.

Huku tunajiandaa. Watu wa kwao Gathoni, mchumba wa Ngari wangu, wamekubali harusi iwe Jumamosi ya Pasaka. Baba yake ni mchungaji lakini anauliza maswali kama polisi wa kituo. Ati kwenu kuna kifafa? Kuna mlevi? Kuna mtu alirukwa na akili? Nisamehe, Mwalimu, habari ya Ngari wako sikuisema. Niliogopa harusi ya huyu wangu iharibike. Kwa hiyo mambo ya kortini yaende polepole, yasifike huku. Ni hilo tu nakuomba.

Mwambie Mama Ngari asikonde.

Kang'ethe


Kibabii
20 Februari 1992

Mwalimu,

Barua ya korti iko ndani ya bahasha hii pamoja na nakala ya ile fomu, ina muhuri na sahihi ya daktari wetu. Inaeleza ugonjwa, mwaka ulioanza, dawa, na tarehe ambazo hakuja. Inaeleza pia kwamba mtu wa namna hii akikatishiwa dawa anaweza kufanya jambo asilolikusudia.

Nimeandika jina lililo kwenye faili. Siwezi kuandika jingine. Uliniomba, nimekataa, na naomba usilifute wala kuongeza kitu kwa kalamu yako.

Sikiliza sasa. Kama kuna neno unataka kuniambia, niambie kabla ya tarehe 27. Tuma hata ujumbe kwa mdomo kwa mtu anayekuja soko la Misikhu. Nitapanda gari nije Kitale nisimame mbele ya hakimu. Kijana huyu nimemchoma sindano karibu miaka mitano. Sihitaji karatasi kumtambua, nitamtazama usoni niseme ndiye.

Nangoja.

F. Nabangala


28 Februari 1992

Jirani Mwalimu,

Naandika kwa sababu mimi kuja kwako sasa si vizuri, kwangu na kwako pia. Chepkorir ndiye anakuletea hii. Usimkalishe, mama watoto arudi mapema.

Jana nilitoka nyumbani na koti ya kanisa. Nilikuwa nimeamua kusimama, na Chepkorir pia aliniambia nisimame. Huyo kijana alinichungia ng'ombe akiwa mdogo, alikuwa anakula kwangu, najua hana ubaya. Halafu karani akasoma ile karatasi. Ngari Kang'ethe. Nilidhani amekosea kusoma. Hakimu akauliza hii ni ya nani. Mwendesha mashtaka akauliza, kuna mtu anaitwa hivyo? Mzee mmoja wa huko Moi's Bridge akasema yuko, ni mwalimu, ni mzima kabisa, hata anaoa Pasaka. Watu wakacheka. Hicho kicheko sikupenda.

Sasa wewe ukasimama ukaanza kufundisha. Ati babu, ati jina, ati ndugu ya baba ni baba. Dakika ishirini, Mwalimu. Hakimu alikuuliza swali moja: nani alimpeleka huyu kijana hospitali? Mimi nilikuwa nakuangalia. Ungesema "ni mimi", ningesimama. Ukasema, "Ni familia iliyompeleka." Basi nikabaki nimekaa. Ningesema nini?

Hakimu akampa miaka saba. Kijana hata hakuinua kichwa.

Sasa watu wetu wanasema karatasi ilinunuliwa Bungoma. Nimewaambia hapana. Wanasema Kiplangat amelishwa hongo. Siwezi kuwashika tena. Chukua Mama Ngari na msichana wenu, mwende tauni Kitale leo. Kesho Jumamosi isiwakute hapo. Ng'ombe wako wawili nitawaleta kwangu, nitasema nimewashika kwa sababu ya mahindi yangu, hapo hawataguswa. Si kweli, ni wako. Utawakuta.

Kiplangat


Uwanja wa kanisa, Kitale
9 Machi 1992

Sista Nabangala,

Tuko hai, watatu. Tunakaa hapa na familia nyingine arobaini na kitu. Nakuandikia nikiwa nimeweka karatasi juu ya sufuria iliyopinduliwa, hivyo nisamehe mwandiko.

Ulisema ungengoja, nami sikuandika. Naandika sasa.

Aliyetia sahihi kwenye kadi ni mimi. Koti la kijivu lilikuwa langu; limeungua na nyumba. Ndugu yangu Kang'ethe hajawahi kufika Misikhu kwa jambo hili, wala hakujua aliitia sahihi fomu ya nini. Kadi haikupotea. Nilikuwa nayo, na kila nilipotaka kukutumia namba niliona mwandiko wangu juu yake.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu. Binti yangu Nyaruai alikuwa anakua, na nilijua siku moja watakuja watu wa kumposa kuuliza habari za nyumba yetu. Ndiyo maana nilivuka mpaka Misikhu, ambako hakuna aliyenijua. Sikutaka kusema uongo mzima. Nikajiambia kwamba jina Ngari ni lake kweli, na Kang'ethe ni baba yake kwa desturi, basi nimesema nini kibaya? Sanduku la posta nililitunga tu. Hivyo barua zako mbili nilizirudisha mimi, ingawa sikuziona.

Julai mwaka jana nilichaguliwa mzee wa kanisa. Mwezi huo huo nilimwona mshiriki wetu mmoja sokoni Misikhu, amesimama hatua kumi kutoka kwenye veranda yenu. Sikumpeleka kijana tena. Alikuwa mtulivu, nikajishawishi kwamba amepona.

Hakimu aliniuliza nani alimpeleka. Jibu lilikuwa neno moja. Kiplangat alikuwa amekaa benchi la pili, amenitumbulia macho, na nyuma yake walikaa wazee wenzangu wa kanisa. Nilijibu kwa ajili ya wale wa nyuma.

Nataka kukata rufaa. Nitaapa haya yote. Naomba nawe uape.

J. M. Gachanja


Kibabii
23 Machi 1992

Mwalimu,

Barua yako nilianza kuisoma nikiwa nimesimama, nikamaliza nimekaa.

Nitaapa. Hilo usilifikirie tena.

Lakini kuna jambo nawe ulijue. Baada ya kukusoma niliifungua faili tena kuanzia ukurasa wa kwanza. Ni mwandiko wangu, Oktoba 1986: "Mgonjwa anakana jina lake. Akiitwa haitiki. Anasema Kang'ethe si baba yake." Nilipiga mstari chini ya maneno hayo, maana mtu akimkana baba yake aliyesimama nyuma yake tunahesabu ni dalili nzito. Nilikutazama wewe, nawe ukatikisa kichwa kwa huruma, kama mzazi yeyote. Novemba nimeandika: "Bado anakana. Nimeongeza dawa." Desemba vivyo hivyo. Januari 1987: "Leo ameitika jina lake mara moja. Anapata nafuu."

Kwa hiyo jambo la kwanza nililoliandika kuwa ni wazimu ndilo lililokuwa kweli, na nafuu ya kwanza niliyoiandika ilikuwa kijana kukubali kusema uongo. Dawa ile ya ziada niliipima mimi. Mikono ilimtetemeka miezi miwili.

Jumatano nilikwenda gerezani. Walinihangaisha kidogo, wakaniruhusu. Amekonda, ananuka, anaongea na ukuta. Nilimwita jina la kwenye kadi kwa mazoea tu, akaitika kabla hajanitambua. Nimemchoma sindano na wamekubali nije kila mwezi. Nimemfungulia kadi mpya kwa jina lake. Ile ya zamani haichanwi, rekodi haichanwi, lakini nimeandika juu yake jina hili alipewa na nani.

Wewe uende umwone. Rufaa nitakusaidia, lakini hilo siwezi kulifanya kwa niaba yako.

F. Nabangala


Moi's Bridge
26 Aprili 1992

Mwalimu,

Harusi haikuwa. Mchungaji alisikia mambo ya kortini, akaja na kusema mwanangu ana rekodi ya wazimu Bungoma na mimi baba yake nimeitilia sahihi. Nikamwambia huo ni uongo mtupu. Nikaenda kwa karani wa korti anionyeshe. Sahihi ni yangu. Nilisimama pale kama ng'ombe.

Ngari wangu hasemi na mimi. Mwalimu mkuu wake amemwita ofisini akamwuliza kama anajisikia sawa. Kijana wa miaka ishirini na mitatu, sasa akiwakemea watoto darasani wanatazamana.

Tangu baba afe wewe ndiye ulikuwa unanisomea kila karatasi. Hati ya shamba ulinisomea, ya lori ulinisomea. Ndiyo sababu sikusoma.

Na kinachonikera si hicho hata. Mwaka ule ungekuja ukaniambia, Kang'ethe, mtoto anaumwa, nisaidie jina lako nimfiche nalo. Ningekupa. Ningekupa na kofia yangu juu yake. Lakini hukuniomba, ulijichukulia, na nilipokuwa nakuambia habari za harusi ulikuwa unajua.

Usiniandikie.

Kang'ethe


Uwanja wa kanisa, Kitale
14 Septemba 1992

Sista Nabangala,

Rufaa imekataliwa. Nilisimama nikasema yote, na kiapo chako kilisomwa. Jaji alisema wewe ni shahidi mwaminifu, lakini ulichoandika kwenye faili ulikipata kwangu. Na mimi, alisema, nilisema uongo kwenye kadi, kwenye barua, kwenye fomu ya ndugu yangu na mbele ya hakimu, kwa hiyo hawezi kujua ni kwa nini aniamini mara hii ya tano, ambapo ukweli ndio wenye faida kwangu. Nimewafundisha watoto hoja za namna hiyo maisha yangu yote. Niliitafuta kasoro yake nikiwa nimesimama pale, sikuiona.

Uzee wa kanisa niliurudisha mwenyewe. Hakuna aliyeniomba, na hakuna aliyenizuia.

Unaniuliza katika kila barua kama nimekwenda kumwona. Sijakwenda. Jumapili nafika mpaka kwenye ua wa gereza, naona wanawake wamepanga foleni na vikapu, mke wangu Rahab akiwa miongoni mwao, nami narudi. Sijui nitaanzia wapi. Ndiyo maana nimeandika kurasa nne za maelezo, kwa utaratibu, tangu mwanzo hadi mwisho, na nimeziweka humu. Akiwa na akili ya kusoma, nakuomba umpe. Akiwa hana, msomee polepole.

J. M. Gachanja


Gerezani, Kitale
17 Januari 1993

Baba,

Salamu. Mimi ni mzima sasa. Sindano napata kila mwezi, na tangu karibu Oktoba kichwa kimetulia, nikaanza kujua niko wapi na kwa muda gani.

Sista alinipa kurasa zako nne. Nilizisoma mara mbili. Zimeandikwa vizuri. Umeeleza habari ya babu, ya Nyaruai na watu watakaokuja kumwuliza, ya kanisa, na nimeelewa. Hata siku ile ya kwanza Misikhu nilielewa. Uliponifinya kiwiko nilijua unataka niitike. Nilikataa kwa sababu nilifikiri unanipeana kwa baba mdogo na nyumbani hutanirudisha. Sauti za kichwani sikuwa nazisikia siku ile. Ilikuwa ni woga tu. Uliponirudisha nyumbani jioni ile, na mwezi uliofuata tena nyumbani, nikaona basi, nitaitika.

Habari ya ghala sikumbuki yote. Kiplangat alikuja Novemba. Nilimwambia nikitoka nitamlimia msimu mzima, akasema, "Wewe toka kwanza." Anasema ng'ombe wetu mmoja amezaa.

Huku wanatuita kwa majina ya baba zetu. Asubuhi wakati wa kuhesabiwa askari anaita Gachanja, naitika. Mwanzoni nilikuwa nachelewa, nafikiri unaitwa wewe.

Baba mdogo alikuja kabla ya Krismasi. Alileta sabuni na mkate. Hakukaa sana, bado ana hasira, na alisema Gathoni ameolewa na mtu wa Eldoret. Lakini langoni kuna kitabu cha wageni. Mgeni anaandika jina lake, halafu anaandika yeye ni nani kwa mfungwa. Askari alinionyesha kwa sababu alishangaa. Mbele ya jina Kang'ethe imeandikwa: baba. Askari akaniuliza, "Kwani wewe una baba wangapi?" Nikamwambia ni desturi yetu.

Niliomba anigeuzie kurasa za nyuma, akanigeuzia. Mama yumo mara nyingi. Sista yumo kila mwezi. Nilisoma mpaka mwanzo wa kitabu.

Wageni ni Jumapili, saa nane mpaka saa kumi. Huhitaji kuandika barua kwanza.

Mwanao,
Ngari Gachanja